Kwa siku, kwa mkupuo au kwa asilimia: mtu wa filamu Arusha na Moshi akubali malipo gani?

Prodyuza akikupigia simu ya kazi, suala la hela huliacha mwisho, wakati wewe umeshakubali moyoni: "Sasa kaka, tukuhesabie kwa siku au tumalizane jumla?" Kama mnafahamiana vizuri, kuna na la tatu: "Au tuingie wote, ikiuza tugawane?"

Nawaandikia watu wa kamera, sauti, taa, mekapu na mavazi, wahariri, waigizaji wa nafasi ndogo, waandishi wa skripti na madereva wa Arusha na Moshi. Hatuko Dar es Salaam, ambako Bongo Muvi ina makao yake. Kazi zetu ni mchanganyiko: wageni wanaoshuka KIA kwenda kushuti wanyama Serengeti na Ngorongoro, matangazo ya kampuni za utalii, tamthilia zinazokuja kutafuta mandhari ya Meru na Kilimanjaro, video za muziki, na harusi ambazo kusema kweli ndizo zinazolipa kodi ya nyumba. Kila moja ina desturi yake ya malipo. Ndiyo maana mtu anahangaika mwaka mzima, hana Jumamosi wala Jumapili, na Desemba ikifika haelewi hela imepita wapi.

Msimamo wangu nauweka wazi mapema ili usome ukijua nasimama wapi. Kwa wengi wetu, malipo ya siku yenye saa zilizoandikwa ndiyo bora. Mkupuo unafaa kazi fupi ambayo mwisho wake unaonekana. Asilimia ichukuliwe na yule tu aliyepewa haki ya kuona hesabu, tena juu ya malipo mengine, isiwe badala yake. Kuhusu kugoma, nitafika huko, maana watu waliona waandishi na waigizaji wa Marekani walivyosimama 2023 na wengi wanauliza kwa nini na sisi tusifanye hivyo.

Siku na mkupuo

Chukua mfano huu. Namba nimezitunga, weka zako. Umeitwa kushika taa kwenye filamu inayopigwa Tengeru na Usa River kwa siku 8. Prodyuza anakupa uchague: shilingi 54,000 kwa siku ya saa 9, au 450,000 kwa kazi nzima. Ukitazama hapo, mkupuo umeshinda. Siku 8 mara 54,000 ni 432,000, kwa hiyo jumla inakuongezea 18,000. Wengi wetu tunaichukua papo hapo, hasa kama nusu inaingia kwenye simu usiku uleule.

Sasa njoo kwenye kazi yenyewe. Mvua inapiga siku mbili. Jenereta inazima katikati ya sini. Mwigizaji mkuu amechelewa ndege kutoka Dar. Siku 8 zinakuwa 11, na katika siku 5 mnazidisha saa 3 kila siku. Kwenye mkupuo hela yako bado ni ileile 450,000. Umefanya kazi saa 114, yaani umelipwa kama shilingi 3,950 kwa saa, wakati unakubali ulikuwa unaona 6,250. Ungechagua siku, hesabu ingekuwa hivi: siku 11 mara 54,000 ni 594,000, na saa 15 za ovataimu kwa 9,000 kila moja ni 135,000. Jumla 729,000. Umeacha 279,000 mezani kwa sababu ya 18,000 ya siku ya kwanza.

Na hapo nimemhesabia prodyuza kwa upole. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inasema saa za kawaida zisizidi 9 kwa siku na 45 kwa wiki, ndani ya siku zisizozidi 6. Kinachozidi ni ovataimu, nayo ni kwa makubaliano na hulipwa mara moja na nusu. Siku nzima pamoja na ovataimu isivuke saa 12. Ukifanya kazi kati ya saa 2 usiku na saa 12 asubuhi kuna nyongeza ya asilimia 5. Sikukuu na siku yako ya mapumziko hulipwa mara mbili. Baada ya saa 5 za kazi mfululizo una haki ya saa moja ya kupumzika. Katika mfano wangu sikugusa kikomo cha wiki wala nyongeza ya usiku.

Tofauti kubwa kati ya njia hizi mbili ni hii: kwenye mkupuo mvua ni yako, kwenye siku mvua ni ya prodyuza. Mimi naona ni haki iwe yake, kwa kuwa yeye ndiye aliyepanga ratiba, aliyekodi jenereta na aliyemkatia tiketi mwigizaji. Mshika taa hana analoweza kuamua katika hayo. Kumbebesha hasara ya mambo asiyoyaamua ni kumnyonya, hata kama alikubali mwenyewe kwa mdomo wake.

Lakini neno "siku" peke yake halitoshi. Kijana mmoja wa sauti anayekaa Sakina alinionyesha daftari lake, lile dogo la mia tano, lina duara la kikombe cha chai kwenye jalada. Amechora mistari minne: siku, kuingia, chakula, kutoka. Kuna mstari unaosema: "J'nne. Kuingia 11:40 alf. Chakula 9:10 mch. Kutoka 4:20 usk." Hizo ni saa 16 na dakika 40, na chakula kimekuja baada ya saa 9 na nusu. Chini yake, Jumatano ameingia saa 12 kamili asubuhi. Kati ya kazi na kazi amepata saa 7 na dakika 40, ndani yake kuna kwenda nyumbani, kuoga, kulala na kurudi. Alilipwa siku mbili. Ukihesabu na ovataimu, Jumanne peke yake ilikuwa zaidi ya siku mbili. Sheria yetu inataka saa 12 za mapumziko kati ya kumaliza kazi na kuanza tena, lakini siku ile hakuna aliyeitaja, kwa kuwa makubaliano yalisema "siku" na kuishia hapo.

Hili la mapumziko si la hela tu. Machi 1997, Brent Hershman, msaidizi wa kamera huko Marekani, alifariki kwa ajali akiendesha gari kurudi nyumbani baada ya siku ya kazi ya saa 19. Kifo chake kiliwatikisa watu wa nyuma ya kamera nchini mwake, na madai ya saa za kupumzika hayajazimika tangu hapo. Sisi tunarudi kutoka lokesheni ya Boma Ng'ombe au Marangu usiku wa manane, dereva ameamka alfajiri kabla ya watu wote kwa sababu ndiye aliyekuja kuwachukua, na barabara ya Moshi–Arusha ina malori. Dereva ndiye mtu wa kwanza kuingia kazini na wa mwisho kutoka, na karibu kila mara ndiye anayelipwa mkupuo mdogo kuliko wote. Ukiwa na sauti kwenye kikao cha bajeti, anza naye.

Kuna jambo la Desemba ambalo watu wa Moshi wanalijua. Wachagga wanarudi nyumbani, harusi zinafuatana, kipaimara, ubarikio, mikutano ya ukoo. Mpiga video mwenye jina hapati usingizi mwezi huo. Ukisaini mkupuo wa filamu mwishoni mwa Novemba na kazi ikasogea wiki moja, hukupoteza zile siku tu, umepoteza na harusi ulizozikataa. Kwa hiyo kama ni lazima mkupuo msimu huo, bei yake iwe na hizo harusi ndani.

Mkupuo unafaa wapi? Tangazo la siku moja. Harusi. Kazi ambayo unakuja na kamera na taa zako na wewe ndiye unayepanga muda. Kuhariri, mradi mmeandika marekebisho yanarudi mara ngapi, maana mhariri asiyeandika hilo atafungua mradi uleule hadi kompyuta ichoke. Na hata hapo, uwekee mkupuo ukuta: "450,000 kwa siku 8, kila siku isiyozidi saa 10 pamoja na chakula, siku ya 9 na kuendelea ni 60,000 kwa siku." Prodyuza mwenye nia njema hatakataa, kwa sababu kama ratiba yake ni ya kweli, sentensi hiyo haimgharimu hata senti.

Asilimia

Hapa ndipo penye ndoto na ndipo penye machozi. "Ikiuza tugawane" ni maneno matamu, na sitaki kuwavunja moyo vijana wanaoanzisha filamu zao kwa kuchangiana nguvu. Filamu nyingi zisingezaliwa bila hivyo. Ila tuangalie wenzetu walifikaje kwenye malipo ya kudumu, maana hawakuyapata kwa kuaminiana.

Mwaka 1960 waandishi na waigizaji wa Hollywood waligoma kwa wakati mmoja. Rais wa chama cha waigizaji alikuwa Ronald Reagan, yuleyule aliyekuja kuwa rais wa nchi. Ugomvi ulikuwa televisheni: studio zilikuwa zinauza filamu zao kwa vituo vya televisheni, zinaonyeshwa tena na tena, na mwigizaji hapati kitu. Makubaliano yaliyopatikana yanafundisha sana, kwa sababu ndani yake kuna mkupuo na asilimia bega kwa bega. Kwa filamu za kuanzia 1960, waigizaji walipata malipo ya marudio, yaani asilimia ya pesa ambazo studio inapata ikiuza filamu kwa televisheni. Kwa filamu za nyuma, waliachia madai yao, na studio zikatoa dola milioni 2.25 mara moja, zikaanzisha mfuko wa afya na pensheni. Waigizaji wa zamani waliumia na kulalamika, kwa kuwa filamu zao ndizo zilizojaa kwenye televisheni. Waliokuja baada yao wamekula matunda hadi leo. Mkupuo ule haukuwa wa kijinga, kwa kuwa ulizaa bima ya afya ya chama kizima. Lakini aliyeulipia ni kizazi kimoja.

Mwaka 2007 waandishi waligoma tena, siku 100, hadi Februari 2008, wakidai sehemu yao kwenye intaneti wakati studio zikisema intaneti bado haijulikani itaingiza nini. Kisha ikaja 2023. Huduma za kutazama kwa mtandao zilikuwa zinalipa marudio kwa kiwango ambacho hakipandi hata kipindi kikitazamwa na dunia nzima, na hazikuwa zinatoa takwimu za watazamaji. Ninachokiona kikubwa kuliko vyote katika yale waandishi waliyopata ni hiki: studio zilikubali kukipa chama, kwa siri, idadi ya saa ambazo kipindi kimetazamwa. Juu ya hapo, kipindi cha bajeti kubwa kikitazamwa na asilimia 20 au zaidi ya wateja wa huduma hiyo nchini Marekani ndani ya siku 90 za kwanza, mwandishi anapata nyongeza ya nusu ya malipo yake ya marudio.

Yaani watu wenye chama, mawakili na historia ndefu ya migomo waligoma siku 148, na moja ya mambo waliyoyapigania ni kuona namba. Sasa wewe wa Kijenge au Majengo unayeahidiwa asilimia 10 ya filamu, umeambiwa utaziona wapi hizo namba?

Enzi za CD na DVD desturi yetu ilikuwa filamu kuuzwa moja kwa moja kwa msambazaji. Baada ya hapo hata prodyuza mwenyewe alikuwa hajui nakala ngapi zimetoka, achilia mbali mshika taa. Siku hizi filamu inaweza kuuzwa kwa kituo cha televisheni kwa muda maalumu, ikapandishwa YouTube, ikapelekwa kwenye programu za simu. Kila mlango una hesabu yake, na kila hesabu ina mtu mmoja mwenye neno la siri.

Ukikubali asilimia, andika asilimia ya nini. "Ya faida" ni hatari, kwa kuwa kila gharama inaweza kuongezwa hadi faida iishe. "Ya mapato yote yanayoingia" ni bora hata kama namba ni ndogo. Mimi ningechukua asilimia 2 ya mapato kuliko 10 ya faida, bila kufikiri mara mbili. Andika milango yote: televisheni, YouTube, programu za simu, maonyesho ya ukumbini, mauzo ya nje. Andika kwamba kila baada ya miezi mitatu utaonyeshwa taarifa ya benki au ukurasa wa mapato wenyewe, si picha iliyokatwa. Na andika itadumu muda gani.

Mwandishi wa skripti ana hoja yake ya ziada. Kazi yake ndiyo mbegu, na inaweza kurudiwa: filamu ikawa tamthilia, tamthilia ikawa na msimu wa pili. Asiuze "kila kitu" kwa sentensi moja. Auze haki ya kutengeneza filamu moja kutokana na skripti hiyo, na mengine yaandikwe yamebaki kwake. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999 ipo, na Ofisi ya Hakimiliki (COSOTA) inasajili kazi. Sajili kabla hujaituma kwa mtu.

Kugoma, kudai, au kupanga bei

Waandishi wapatao 11,500 waligoma kuanzia Mei 2 hadi mwisho wa Septemba 2023. Waigizaji, chama chenye wanachama karibu 160,000, waliingia Julai 14 na kutoka Novemba 9, siku 118. Ilikuwa mara ya kwanza tangu 1960 makundi hayo mawili kugoma pamoja. Waigizaji walipata nyongeza ya asilimia 7 mwaka wa kwanza kwa wengi wao na asilimia 11 kwa wale wa kusimama nyuma, maekstra tunaowajua. Ni ushindi wa kweli na uliwagharimu. Watu wa taa, madereva, wapishi na washonaji ambao hawakuwa kwenye mgomo walikaa nyumbani miezi bila kipato. Bunge la California lilipitisha muswada wa kuwapa waliogoma mafao ya kukosa kazi, gavana akaukataa.

Kuna mfano mwingine ambao nadhani unatuhusu zaidi, na watu hawautaji. Mwaka 2021 chama cha mafundi wa nyuma ya kamera, IATSE, kilipiga kura ya kuruhusu mgomo. Kati ya waliopiga kura, asilimia 98 walisema ndiyo. Tarehe ikapangwa, na siku mbili kabla yake studio zikakubaliana nao, ikiwemo saa 10 za mapumziko kati ya siku na siku, na saa 54 mwisho wa wiki. Hakuna aliyeweka kifaa chini hata kwa saa moja. Watu elfu 60 wakiwa na jibu moja, kura ilitosha.

Tanzania haki ya kugoma ipo kisheria, lakini ina njia yake, na lazima uielewe kabla hujawaambia wenzako "leo hatuwashi taa." Kwanza sheria inatenganisha madai mawili. Kama unadai ulichoahidiwa na hukupewa, hilo ni lalamiko, na halina mgomo. Linakwenda Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, CMA. Kama unadai kuongezewa, yaani kiwango kipya au masharti mapya, huo ni mgogoro wa maslahi, na hapo mgomo unawezekana. Lakini mgogoro upelekwe kwanza kwenye usuluhishi, siku 30 zipite bila suluhu, chama cha wafanyakazi kipige kura na wengi waunge mkono, kisha mwajiri apewe notisi ya saa 48. Ukifuata njia hiyo, mwajiri haruhusiwi kuleta watu wengine kushika nafasi zenu. Nanyi hamruhusiwi kumfungia ndani wala kumzuia asiingie, na hana wajibu wa kuwalipa siku za mgomo.

Sasa linganisha na kazi zetu. Filamu ya Usa River ni siku 11. Siku 30 za usuluhishi zikiisha, prodyuza yuko Dar anahariri. Kwa seti moja, mgomo wa kisheria hauna nafasi. Ni silaha ya sekta nzima, ya watu walio kwenye chama wakijadiliana na waajiri kuhusu viwango vya mwaka mzima. Kuanzisha chama cha wafanyakazi kunahitaji wafanyakazi 20 tu na usajili. Mafundi 20 Arusha wapo, Moshi wapo. Kinachokosekana ni kikao.

Wakati tunasubiri kikao hicho, njia ya kweli kwenye seti ni kuandika haki ya kusimama ndani ya makubaliano yenyewe: "Nusu italipwa kabla ya siku ya kwanza, robo kabla ya siku ya tano. Robo isipolipwa, kazi inasimama hadi ilipwe na siku zinaendelea kuhesabiwa." Hapo ukiweka kifaa chini unatekeleza mlichosaini wote wawili. Ni tofauti kabisa na watu sita wanaokaa kwenye kreti za soda wakinung'unika huku mmoja akiendelea kushuti kimyakimya kwa sababu amepewa elfu ishirini pembeni.

Na kama kazi imeisha hujalipwa, usikae miezi sita ukipiga simu isiyopokelewa. CMA ina ofisi Arusha na Moshi, na lalamiko la mshahara linatakiwa kufikishwa ndani ya siku 60. Wengi wanaogopa kwa kuwa hawana mkataba. Sheria inamtaka mwajiri atoe maelezo ya kazi kwa maandishi kwa mfanyakazi anayefika siku 6 ndani ya mwezi, na akishindwa kuyaleta mbele ya Tume, ni juu yake kuthibitisha mlivyokubaliana. Atasema wewe si mfanyakazi, ulikuwa unajitegemea. Hilo nalo lina vigezo: nani aliamua saa zako, nani alileta vifaa, ulimtegemea nani kwa kipato wakati huo. Lile daftari la Sakina na zile meseji za WhatsApp za "kesho kuingia saa 11" ni ushahidi. Usifute.

Njia ya tatu ni kupanga bei ya chini kwa pamoja, fani kwa fani. Wapiga sauti wa Arusha wakikubaliana hakuna anayeingia chini ya kiasi fulani kwa siku ya saa 10 pamoja na chakula, na wakalishika, watakuwa wamefanya kwa wiki moja kazi ambayo malalamiko ya miaka hayakuifanya. Ugumu wake unajulikana: kijana mpya aliyetoka chuoni anataka jina, anaingia kwa nauli. Huyo msimtukane. Mpeni nafasi ya usaidizi yenye bei yake, ili asilazimike kuvunja ya kwenu.

Moshi tuna na mfano wetu wa Mlimani. Mradi wa kuwasaidia wapagazi wa Kilimanjaro, KPAP, upo tangu 2003. Unazitambua kampuni zinazowatendea haki wapagazi, unafuatilia malipo na mizigo kwa kusikia kutoka kwa wapagazi wenyewe, na mgeni anayejali anachagua kampuni kutoka kwenye orodha hiyo. Hakuna kinachotuzuia kuwa na orodha ya maprodyuza wanaolipa kwa wakati. Nasema ya wanaolipa. Orodha ya wasiolipa inaweza kukupeleka mahakamani kwa kashfa, na ile ya wazuri inafanya kazi hiyohiyo, kwa kuwa kila anayejiona hayumo atauliza kwa nini.

Kwa hiyo wewe uchague nini

Kamera, sauti, taa, mekapu, mavazi: siku yenye saa. Dereva: siku yenye saa, mafuta na chakula mbali. Mhariri: mkupuo wenye idadi ya marekebisho. Mwandishi: mkupuo kwa skripti pamoja na asilimia ndogo ya mapato, na haki za mbele zibaki kwake. Mwigizaji mkuu mwenye jina linalouza anaweza kudai vyote viwili, siku na asilimia, na adai. Mwigizaji mdogo achukue siku, aachane na hadithi ya kugawana.

Ukifanya kazi na wageni, kumbuka wengi wao wanatoka kwenye nchi ambazo viwango na saa zimeandikwa, na bajeti yao ina mstari wa ovataimu. Hela hiyo mara nyingi huishia kwa mtu wa kati anayekuita. Muulize bila kuona haya: kiwango cha siku ni kwa saa ngapi, na ikizidi nani analipa. Si utovu wa adabu. Mgeni mwenyewe ndivyo alivyoajiriwa.

La mwisho ni karatasi ya ruhusa ya picha, ile wanayowapa maekstra wasaini wakiwa wamepanga foleni ya chai. Moja ya mambo yaliyowaweka waigizaji wa Marekani barabarani 2023 ni studio kutaka kutumia sura zao kwa kompyuta, na makubaliano yao sasa yanadai ridhaa na malipo kwa nakala ya sura au sauti. Karatasi zinazokuja Arusha wakati mwingine zina maneno "kwa matumizi yoyote, kwa teknolojia yoyote, milele". Soma kabla ya kusaini. Una haki ya kuchukua kalamu, ukakata sentensi hiyo, ukaandika pembeni "kwa filamu hii tu", ukaweka saini yako kando yake, na ukamwomba anayekupa karatasi aweke na yake.